Gari la Siku Moja kwa Mwezi

Alhamisi, 5 Machi

Daftari hili lilikuwa la mwanafunzi mmoja aliyeacha masomo baada ya kugonga lango la shule mara mbili kwa siku moja. Alikuwa ametumia kurasa tatu tu. Nimezichana. Zilizobaki nitaandika mimi, maana leo daktari wa macho amenipa kazi, na kichwa changu siku hizi ni pakacha.

Jicho la kulia la Baba lilikufa zamani, tukalizoea. Sasa la kushoto mishipa yake inavuja kwa nyuma. Dawa ni sindano, humo humo ndani ya jicho, kila baada ya wiki nne, mara nne. Ya kwanza amechomwa leo. Zimebaki tarehe 2 Aprili, 30 Aprili na 28 Mei.

"Akikosa moja?" nikauliza.

"Asikose," daktari akasema, akamwita mgonjwa mwingine.

Leo Baba amefika kliniki kwa lori la kokoto. Anakaa ng'ambo ya machimbo, basi linamwacha mtu barabara kuu, halafu ni matope kilomita nzima, na teksi msimu wa mvua hazivuki machimbo hata uwabembeleze wenyewe. Dereva wa lori alimhurumia. "Nimekaa mbele kama waziri," Baba akaniambia, pamba jichoni. Lakini lori hilo mkataba wake unaisha wiki hii.

Kwa hiyo inatakiwa gari, la siku moja kwa mwezi. Nami ni mwalimu wa udereva, mwaka wa kumi na tisa sasa, sina gari. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini mimi ndevu zimefika magotini.

Ijumaa, 6 Machi

Nimempigia mdogo wangu. Tunamwita Mheshimiwa kwa sababu hawezi kuomba hata chumvi bila kuomba kwanza nafasi ya kuzungumza.

"Kaka, hapa hoja ni mbili," akasema. "Ya kwanza, kukodi ni kumwaga maji mchangani. Ya pili, gari likinunuliwa linabaki kuwa la familia. Mimi natoa nusu."

"Lini?"

"Kaka, tusiharakishe hoja."

Mke wangu alikuwa anasikiliza huku anakunja nguo. "Kodini," akasema. "Mwezi una Alhamisi moja tu ya jicho. Siku nyingine zote gari litakaa hapo nje likinywa mvua, na wewe utalifuta vumbi kama mtoto mchanga."

Jumapili, 15 Machi

Kikao kwa Baba. Kwetu hakuna linalofanywa mpaka wote tukubaliane. Ndivyo alivyotulea, nyumba isigawanyike. Ndiyo maana bati la jikoni lilivuja miaka sita.

Nilikwenda na karatasi. Nimegawa safu mbili, Kununua na Kukodi, kama ninavyogawa ubao darasani nikifundisha alama za kuamuru na alama za kuonya. Chini yake nimeweka bima, matairi, pa kulaza gari, fundi, uhakika. Mheshimiwa akaongeza "heshima". Nikajifanya nampinga.

Baba alitusikiliza saa nzima, uso kaugeuzia dirishani.

"Nyie," akasema mwishoni, "mimi nataka kuwaona hao kuku pale nje. Sasa mnunue, mkodi, mwibe, mtajua wenyewe."

Tulicheka. Tukaahirisha.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Wanafunzi wawili hawakuja. Wa tatu alikuja, heri naye asingekuja.

Alhamisi, 2 Aprili

Sindano ya pili imechomwa. Nimekodi.

Mwenye magari ni mama mmoja nyuma ya soko la mbao. Ana magari sita na funguo zake zote kazivaa kiunoni, akitembea unadhani anakuja farasi. Mama Funguo.

"Gari la nini?"

"Shughuli binafsi."

"Binafsi zipo nyingi, mwalimu. Kuna watu binafsi yao ni kubeba mbuzi."

"Binafsi tu, mama."

Sikutaka kumweleza. Mtu mzima mwenye cheti cha kufundisha udereva ukutani, aseme mbele ya wateja kwamba hana namna ya kumpeleka baba yake hospitali? Akaandika "binafsi", akapiga mstari chini yake, akanipa gari jeupe dogo.

Hapo ndipo nilipojiaibisha. Nilifungua mlango, nikaketi, nikafunga mkanda, nikaweka mikono mapajani, nikasubiri. Mama Funguo akainama dirishani.

"Mwalimu, tunamngoja nani?"

Nilikuwa nimeketi kiti cha abiria. Miaka kumi na tisa nimekaa upande huo, miguu juu ya breki yangu na klachi yangu ya ziada, usukani kaushika mwingine. Nilizunguka gari kwa hatua za mtu anayekagua matairi.

Safari ilikuwa nzuri. Baba aliingia bila kushikwa mkono. Tulifika saa nne, tukatoka saa tano. Lakini niliporudisha gari, Mama Funguo alilizunguka na kitambaa, akachungulia chini, akanitoza ya kuosha matope. Nimerudi nyumbani nikamwita majina ambayo siyaandiki hapa.

"Matope yalikuwepo au hayakuwepo?" mke wangu akauliza.

Swali hilo halikuwa na msaada.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimeliona gari.

Ni la tarishi mstaafu, kijani, lina mto wa kufuma kwenye kiti cha nyuma. Tarishi mwenyewe anaongea nalo. Nilikaa kwenye usukani, upande sahihi mara hii, nikafunga mlango, kelele zote za mtaa zikabaki nje.

Niseme kweli, daftari halina mdomo. Kila muhula kuna mwanafunzi anayeuliza, "Mwalimu, na wewe unaendesha gari gani?" na darasa zima linageuka. Huwa najibu, "La kwenu," wanacheka, nami nacheka kuliko wote. Ndani ya gari la kijani nilijiona naingia langoni asubuhi na kuliegesha mbele ya darasa, taratibu, kwa gia ya nyuma. Nilikaa mle dakika ishirini. Kwa dakika hizo sikumkumbuka Baba hata mara moja. Nilishtuka nilipokumbuka kwamba yeye ndiye sababu.

Tumekubaliana. Atanikabidhi Jumanne tarehe 28. Mheshimiwa ameapa nusu yake itafika Jumatatu, siku moja kabla.

Jumatatu, 20 Aprili

Mama Funguo kapiga simu.

"Mwalimu, Alhamisi ya tarehe thelathini nimekushikia lile jeupe, maana ulisema utalitaka kila baada ya wiki nne kama mwezi mwandamo. Ila kuna watu wa harusi wanayataka yote sita. Unalichukua, nisiwape?"

"Wape, mama. Nanunua langu."

"Umeshalipata?"

"Ni kama nimeshalipata."

"Haya. Hongera kama umelipata."

Nilipokata simu mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Ungemwacha akushikie," akasema. "Ukilipata la kijani utaghairi la huyo mama."

"Nitamlipa kwa gari nisilopanda?"

Akarudi jikoni. Nilidhani nimeshinda.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua siku nzima. Nimechora ubaoni mahali pa kuegesha.

Jumanne, 28 Aprili

Tarishi alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Binti yake alikuja Jumapili kutoka safari, akaketi kwenye gari, akakuta kofia ya marehemu mama yake chini ya kiti, akalia. "Nimempa," akasema. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Ningefanya vivyo hivyo. Hiyo ndiyo iliyonikera, sikupata hata mtu wa kumkasirikia.

Nusu ya Mheshimiwa nayo haikuwa imefika. "Kaka, unaona?" akasema. "Pengine hata ni heri tulivyochelewa."

Jumatano, 29 Aprili

Mama Funguo: "Yote yametoka tangu asubuhi, mwalimu, yanapambwa maua. Si nilikuuliza?"

Teksi ya kwanza: haivuki machimbo. Ya pili: haivuki. Ya tatu alisema atavuka, nilipomwambia ni kesho asubuhi akakumbuka kwamba mkewe ni mgonjwa.

Mheshimiwa yuko safarini kikazi.

Mke wangu alisema nimweleze Mkuu wa shule nimwombe gari la shule. Gari la shule haliazimwi, hilo hata watoto wanajua. Haliondoki uani bila mwanafunzi kwenye usukani. Na mwalimu akishika usukani katikati ya somo lazima aandike kwenye daftari la safari wapi, saa ngapi, kwa nini. Na Mkuu analisoma daftari hilo kila jioni kama wenzake wanavyosoma gazeti.

Haliondoki bila mwanafunzi. Basi mwanafunzi ninaye.

Alhamisi, 30 Aprili

Naandika yote.

Mwanafunzi wa saa mbili na nusu leo alikuwa mama mwokaji mikate, somo lake la sita. Namwita Bi Taratibu, kwa kuwa ndilo neno ninalomwambia zaidi ya yote. Ni mtu mwema, unga hauishi kwenye nyusi zake. Nilimwambia leo tutafanya somo refu, barabara ya nje, tumchukue mzee mmoja tumfikishe mjini. Alifurahi. Akasema ataniletea mkate.

Machimbo tuliyavuka. Ajabu, aliyavuka vizuri, kwa mwendo wa konokono aliyefiwa lakini aliyavuka. Baba alikuwa barazani tangu saa kumi na mbili, kavaa koti lake la mikutano. Aliingia nyuma, akagonga paa kwa kidole.

"Hiki kibao juu kinasema nini?"

"Mwanafunzi, Baba."

"Nani mwanafunzi?"

"Mimi, mzee," Bi Taratibu akasema, shingo kaikaza mbele.

"Endesha, mwanangu. Mimi abiria nimefuzu."

Saa tano na robo tulifika kwenye mlima wa kuingilia mjini. Foleni. Mbele yetu basi likasimama, nasi tukasimama, katikati ya mlima, nyuma yetu lori. Basi likaondoka. Bi Taratibu akaachia klachi, gari likaruka kama chura, likazima.

"Tena," nikasema. "Breki ya mkono. Gia ya kwanza. Mafuta kidogo. Klachi taratibu."

Likazima. Lori likapiga honi.

"Tena. Usiangalie kioo. Taratibu."

Likazima. Honi nyuma zikawa nyingi. Nikaendelea kumwelekeza kwa sauti ile ile ya upole ambayo wanafunzi wote wananisifia. Baba akasogea mbele, akaninong'oneza sikioni.

"Kwani wewe huwezi kuendesha?"

"Naweza, Baba. Ni utaratibu wa shule."

"Aa," akasema, akarudi nyuma.

Naweza. Leseni ninayo mfukoni. Ilikuwa ni kufungua mlango, kuzunguka boneti, kumwambia mama wa watu sogea. Dakika moja. Lakini kwenye daftari la safari ningeandika nini? Mlima huu hauko kwenye eneo letu la mafunzo. Mkuu angeuliza mlikwendaje huko, na yule mzee ni nani. Niliifikiria jioni ya Mkuu na miwani yake, nikasema, "Tena."

Lilizima mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili likashika. Tulikuwa tumekaa pale dakika arobaini na tano, kwa kuwa foleni nayo ilikuwa ikijifunga mbele yetu kila tulipokuwa tayari. Kutoka hapo ikawa vivyo hivyo, kila taa nyekundu tunazima.

Kliniki tulifika saa saba kasoro ishirini. Daktari yule anatoka mji mwingine, anakuja Alhamisi tu, anaondoka mchana. Muuguzi alikuwa anafunga dirisha.

"Amewangoja mpaka saa sita na nusu," akasema. "Ameondoka sasa hivi. Hamkukutana naye langoni?"

Dakika kumi. Alhamisi ijayo pamejaa. Wametupa tarehe 14 Mei.

Wakati wa kurudi niliketi kwenye usukani. Tulipomshusha Baba, Bi Taratibu akaanza kulia, machozi yanafanya njia kwenye unga.

"Mwalimu, kwa nini hukuniambia ni jicho? Ungeniambia nishuke. Mimi ningeshuka."

Kwenye daftari la safari nimeandika: mazoezi ya kuondoka mlimani. Mkuu ameweka alama ya vyema.

Jumapili, 3 Mei

Nimempigia Baba mara tatu leo. Anaona kuku. Mara ya tatu alisema, "Wapo wote, mwanangu, waachie simu yao."

Jumamosi, 9 Mei

Saa moja asubuhi alipiga yeye. Huwa hapigi.

"Kuna kitu kimeshuka," akasema. "Kama mtu kamwaga chai kwenye kioo."

Alhamisi, 14 Mei

Lile jeupe. Lilikuwepo, likanisubiri. Tulifika saa tatu kasoro.

Daktari aliangalia kwa muda mrefu, akamwomba Baba ataje vidole. Baba alitaja vitatu kwa uchangamfu. Vilikuwa havipo, daktari alikuwa ameshashusha mkono.

Damu imejaa nyuma ya jicho. Sindano imechomwa, lakini hakutuahidi kitu. Nikauliza kama ni kwa sababu ya kuchelewa. Alinitazama mimi, akamtazama Baba. "Magonjwa haya hayatabiriki," akasema. Alikuwa anajibu kwa huruma, na huruma nayo naijua, ndiyo kazi yangu: ndiyo ninayompa mwanafunzi aliyegonga lango.

Nilipita na Baba kwa Mama Funguo kurudisha gari. Nilitaka tuchukue basi la jioni twende kwangu. Mama Funguo alikuja na kitambaa chake, akamkuta mzee kwenye kiti na bandeji, anapapasa kitasa. Akasimama.

"Huyu nani?"

"Baba yangu."

"Ndiye binafsi?"

Mama Funguo akamfungulia mlango, akamshika kiwiko, akamkalisha kwenye kiti chake yeye chini ya bati, akampa maji. Halafu akanivuta pembeni. Sijawahi kutukanwa kwa sauti ya chini namna ile.

"Tarehe thelathini ilikuwa hii?"

"Ndiyo."

"Mwalimu, ungesema jicho, ningewanyang'anya maharusi na maua yao. Ningekupeleka mwenyewe. Wewe ukaniambia binafsi."

Alitupeleka kwangu kwa gari lake mwenyewe, hakugusa kitambaa. Yule niliyemwita majina. Nami niliyejiita mtu mpole, mcheshi, anayependwa na watu!

Jumapili, 24 Mei

Mheshimiwa amekuja kwa Baba. Nilimkuta uani, suruali kaikunja magotini, anafunga kamba toka mlangoni hadi chooni ili Baba ashike akienda. Hakuomba nafasi ya kuzungumza. Alikuwa amefunga na kufungua fundo moja mara nyingi mpaka kamba imechakaa.

"Kaka," akasema bila kunitazama, "ile nusu imepatikana."

"Nusu ya nini?"

"Ya gari."

Siku zote nimemcheka kwa maneno yake mengi. Leo alikuwa nayo manne, nikatamani angekuwa na hotuba.

"La kwenda wapi?" nikamuuliza. Sikukusudia kumchoma. Labda nilikusudia.

Alhamisi, 28 Mei

Leo ingekuwa ya nne. Daktari amesema tusijisumbue.

Jumamosi, 6 Juni

Baba amehamia kwangu. Yule aliyekuwa akisema hawezi kulala kwenye nyumba ambayo lazima aulize chumvi iko wapi. Alikubali kwa neno moja, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kikao. Kuku wamebaki kwa jirani.

Mke wangu amempa chumba cha mbele. Hajaniambia lolote juu ya tarehe 20 Aprili, wala mwiko, wala Mama Funguo. Angeniambia ningejitetea. Anajua hivyo.

Jumapili, 14 Juni

Mvua zimekatika. Barabara ya mbele imekauka, magari yanapita mengi.

Baba anaketi dirishani tangu asubuhi. Ananiomba nimtajie yanayopita, nami naketi naye namtajia. Jeupe, dogo. Jekundu. La bluu, limebeba magodoro. Jeusi, mtu mmoja. Jeupe, mtu mmoja. La kijivu, mtu mmoja.

"Yote haya ni ya watu?" akauliza.

"Ya watu, Baba."

Akasikiliza mengine matatu yakipita, kichwa kakiinamisha kama anayahesabu. Halafu akauliza, bila ukali wowote, kama mtu anayetaka tu kujua:

"Na siku ile, hakukuwa na hata moja lililokuwa linakuja upande wetu?"

Jeupe, nikamwambia. La kijani. Jeupe tena.